Uchaguzi wa Majani na Maua

Sisi tuliokulia Likasi wakati nchi ingali ikiitwa Zaire tulianza kila siku ya shule kwa kucheza ngoma. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanadhani tulikuwa na raha. Hawajui kwamba tulicheza kabla jua halijapata nguvu, baridi ya mwezi wa sita ikituuma mpaka magoti yanagongana, tumboni hamna kitu isipokuwa chai ya rangi na kipande cha muhogo. Mbele yetu alisimama Direkta, mkuu wa shule, mikono nyuma, akitazama nani anatikisa kiuno kwa uvivu. Bendera ilipanda, sisi tukaisifu nchi, tukakisifu chama, tukamsifu kiongozi, tukapiga makofi na kurukaruka, na vumbi jekundu la mtaa wetu wa Kikula likatupanda hadi kwenye nyusi. Tulipoingia darasani tulikuwa wa kabila moja sote, kabila la matofali.

Mji wenyewe ulikuwa na harufu yake. Upepo ukitokea upande wa kiwanda cha shaba, hewa ilikwaruza koo kama umemeza kichwa cha kiberiti, na akina mama walikimbia kuanua nguo kabla hazijatoboka. King'ora kikilia, kila nyumba ilijua ni saa ngapi, hata zile zisizokuwa na saa. Baba yangu alikuwa mmoja wa wale waliopanda baisikeli kukimbilia king'ora hicho. Mama aliuza samaki wakavu sokoni, na kwa kunilea alikuwa na msemo mmoja tu, ambao aliutumia kwa kila kosa, kuanzia kuvunja sahani mpaka kuchelewa kanisani: "Weye Ngoie, Mungu alikupatia masikio mbili na kinywa moya. Hesabu muzuri."

Nilihesabu vizuri. Tatizo ni kwamba katika benchi moja na mimi aliketi Mujinga (jina la kwetu, halihusiani na ujinga), binti wa fundi cherehani, ambaye Mungu alimpa masikio mawili kama sisi na vinywa visivyojulikana idadi. Alikuwa mdogo wa umbo, ana pengo mbele, na sauti yake ungeweza kuisikia kutoka juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya shule hadi barabarani. Kichuguu hicho ndicho kilikuwa uwanja wetu. Aliyefika juu wa kwanza alikuwa mfalme wa mapumziko yote, na Mujinga alitawala hapo muda mrefu kuliko wavulana wote, kwa sababu aliwarushia udongo huku akiwaeleza kwa upole kwamba ni kwa faida yao.

Somo la uraia lilikuwa baada ya mapumziko. Tulilisoma kwa Kifaransa, kwa kuimba, kama kasuku aliyefugwa na padri. Mwalimu anauliza raia ni nani, sisi tunajibu kwa pamoja sentensi ndefu yenye maneno ambayo hakuna aliyeyajua, na mwalimu anatikisa kichwa kwa furaha. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa mpaka tulipofika mwaka wa tano, tukaletewa Mwalimu Kalenga.

Huyu alikuwa kijana mwembamba aliyetoka kumaliza masomo Lubumbashi, mwenye koti moja ambalo viwiko vyake vilikuwa vimeshonwa kwa kitambaa cha rangi nyingine. Siku ya kwanza alisikiliza wimbo wetu wa raia mpaka mwisho, kisha akauliza tena swali lile lile kwa Kiswahili. Raia, katika mji huu, anafanya nini? Tulikuwa hatujawahi kuulizwa kitu ambacho jibu lake halikuandikwa ubaoni. Mujinga ndiye aliyenyoosha mkono. "Raia anacheza," alisema.

Aliwaza kwa haki kabisa, maana kila asubuhi hatukuona raia wakifanya kitu kingine. Mwalimu Kalenga alicheka mpaka akaketi. Halafu akaacha kucheka ghafla, akaenda kufunga mlango. Tangu siku hiyo somo la uraia lilisomwa mlango ukiwa umefungwa, na sisi tukaanza kulipenda.

Sasa nieleze habari za Kabwe. Kabwe alikuwa mkubwa wa darasa, na ukubwa huo hakuupewa na sisi. Alikuwa mtoto wa dada yake Direkta. Alivaa viatu vya ngozi wakati sisi tulivaa kandambili, na kazi yake ilikuwa kuandika ubaoni majina ya wanaopiga kelele mwalimu akitoka. Kwa bahati mbaya Kabwe alipenda sana kikanda, kile chakula cha mizizi ya porini na karanga ambacho mama zetu walikipika mpaka kikaganda na kukatwa vipande kama mkate. Ukimpa kipande, ulikuwa mtulivu. Usipompa, jina lako lilipanda ubaoni hata kama ulikuwa umesinzia. Na adhabu ya jina ubaoni ilikuwa moja: kuchota maji na kumwagilia maua ya Direkta.

Maua hayo yalikuwa bogenvilia nyekundu iliyofunika ukuta mzima wa ofisi yake, hadi juu ya dirisha. Aliyapenda kuliko kitu chochote katika shule ile. Ilikatazwa kuyagusa. Sisi tuliruhusiwa tu kuyanywesha, na nadhani hakuna maua katika Katanga nzima yaliyokunywa maji mengi kama yale, kwa jinsi tulivyokuwa na kikanda kidogo.

Siku moja Mwalimu Kalenga alitufundisha maana ya kuchagua. Alisema mkubwa anayechaguliwa anawaogopa kidogo waliomchagua, na kwamba woga huo ni kitu kizuri. Tukatazamana. Mujinga akauliza kama darasa nalo linaweza kuwa na mkubwa mwenye woga kidogo. Mwalimu akasema atakwenda kuomba ruhusa.

Alirudi na ruhusa, lakini uso wake ulikuwa umenywea. Direkta amekubali uchaguzi, alisema, na amekubali kwa furaha, mradi ufanyike kama unavyofanyika nchini. Mgombea awe mmoja. Anayemkubali aweke rangi ya kijani, asiyemtaka aweke nyekundu. Mgombea ni Kabwe. Kwa kuwa shule haina karatasi za rangi, kijani kitakuwa jani la mpera, ambalo mwalimu atamgawia kila mtoto mlangoni. Na nyekundu? Anayetaka nyekundu, Direkta alikuwa amesema huku akitabasamu, aje achume ua moja pale dirishani pangu. Nitakuwa nikitazama.

Tulikuwa watoto, lakini hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kusema ndiyo uliletewa mkononi. Kusema hapana, lazima upite mbele ya macho ya Direkta na kuiba kitu anachokipenda.

Mujinga hakulilalia jambo hilo. Ijumaa, tukirudi nyumbani, alitusimamisha kwenye kichuguu na kutukumbusha kwamba kesho yake ni salongo, ile kazi ya mikono ya lazima ya kila Jumamosi, na kwamba Direkta ameagiza maua yake yakatwe vizuri kwa sababu Jumatatu anakuja mgeni. Mgeni huyo alikuwa mkubwa wa chama kutoka komini, ofisi ya serikali ya mtaa, aliyealikwa kuja kuona uchaguzi wetu na jinsi shule inavyowafunda vijana. "Ile maua inakunywa mayi yetu," Mujinga alisema. "Kesho tunaikata. Mwenye anakata, anaokota."

Basi Jumamosi tukaikata. Direkta alitusimamia mwanzoni, akatuonyesha matawi machache yaliyojitokeza, kisha akaenda kunywa chai kwa mkewe. Sijawahi kuona watoto wakifanya salongo kwa moyo vile. Tulikata yaliyojitokeza, halafu yaliyokaribia kujitokeza, halafu yale ambayo yangeweza siku moja kujitokeza. Maua yale ni mazuri kwa kazi hiyo, kwa sababu ni kama karatasi, hata yakikauka hayapotezi rangi. Tuliyaficha kwenye soksi, kwenye mifuko, ndani ya vitambaa vya kichwani. Mimi nilirudi nyumbani nikiwa nayo kifuani na Mama akanitazama kwa muda mrefu, akidhani nimeanza kukua.

Jumatatu ikafika. Mgeni wa chama alikuwa mtu mnene aliyevaa abakosti ya kijivu, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na aliketi mbele kwenye kiti cha ofisini huku Direkta akisimama kando yake kama mhudumu wa hoteli. Mwalimu Kalenga aliweka sufuria kubwa nyuma ya ubao wa miguu mitatu ili kila mmoja apige kura peke yake. Mlangoni alikuwa ametugawia majani. Kisha akatangaza, kama ilivyopaswa, kwamba anayetaka ua jekundu anaweza sasa kwenda kulichuma. Hakuna aliyesimama. Niliona mabega ya mwalimu wangu yakishuka. Alifikiri tumeogopa, na nilimhurumia, lakini nilihesabu masikio yangu na kinywa changu, nikanyamaza.

Tukapita nyuma ya ubao mmoja mmoja. Shida moja tu Mujinga hakuwa ameifikiria: majani ya mpera tuyapeleke wapi? Wengine waliyasukuma mifukoni. Wavulana kadhaa, wakiwa hawana mifuko isiyotoboka, waliyala. Mmoja wao alipotoka nyuma ya ubao mgeni alimtabasamia, naye kwa adabu akatabasamu, meno yote ya kijani kama nzige. Kabwe alipita wa mwisho, polepole, akiwa amenyoosha kola yake.

Direkta mwenyewe akaomba sufuria imwagwe mezani ili mgeni aone. Mwalimu Kalenga akaiinua na kuigeuza.

Ikamwagika nyekundu. Meza ikawa nyekundu, maua mengine yakaanguka sakafuni, moja likatua kwenye kiatu cha mgeni. Kijani hakikuwepo, hata jani moja. Mwalimu alibaki ameshika sufuria mdomo chini, na ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Hatukuwa tumemkataa Kabwe tu. Tulikuwa tumesema hapana mbele ya chama, katika nchi ambayo hapana haikusemwa, na ikiulizwa aliyetufundisha ni nani, jibu ni huyu kijana mwenye koti moja. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa kidogo kuliko hicho. Sote tulimjua baba wa mtoto fulani ambaye hakurudi.

Mgeni aliuliza, kwa sauti ya chini, hii ni nini. Mwalimu alisema ni kura za watoto, Muzee. Mgeni akaokota lile ua kiatuni, akalizungusha kati ya vidole. "Na nyekundu njo nini?" aliuliza, ingawa kila mtu mle ndani alijua nyekundu ni nini.

Mujinga alisimama bila kuitwa. Aliweka mikono nyuma, akainamisha kichwa kidogo kama tulivyofundishwa kuwaheshimu wakubwa, na pengo lake likaonekana.

"Muzee," alisema, "majani, tunapatia mbuzi. Mukubwa, tunamupatia maua."

Mgeni alimtazama Mujinga, akamtazama Direkta aliyekuwa analoa jasho, akaitazama meza. Wakati ule niliamini kwamba tulimdanganya. Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao yeye, naona hakudanganyika hata kidogo. Naye alikuwa na wakubwa wake wa kuripoti kwao, na habari ya shule iliyokataa ingemchafua yeye kabla haijatuchafua sisi. Akaanza kupiga makofi, taratibu. Direkta akapiga haraka zaidi. Ikatangazwa kwamba Kabwe amechaguliwa na darasa zima, tena kwa maua, jambo ambalo halijawahi kuonekana Likasi, na tukatolewa nje kumchezea ngoma mkubwa wetu mpya ambaye ndiye yule wa zamani.

Mgeni alipoondoka, Direkta alikwenda kutazama ukuta wa ofisi yake, ambao asubuhi aliupita mbio akimkimbilia mgeni. Ulikuwa uchi. Akamwita Mwalimu Kalenga ndani. Hatukusikia maneno. Mwalimu aliporudi darasani alifunga mlango, akatuuliza nani alipanga jambo lile. Hakuna aliyejibu. "Muzuri," alisema. "Hata minye sikuuliza." Akageuka kuandika hesabu, na mabega yake yakawa yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka.

Jioni Kabwe alitufuata njiani, mimi na Mujinga, akitembea kando kando na viatu vyake vya ngozi. Tulidhani anakuja kutisha. Alisema si mjinga, ameona, na yale hayakuwa maua ya pongezi. Mujinga alijiandaa kusema kitu, lakini Kabwe akamkata. "Hata minye nilitia nyekundu," alisema. Alikuwa ameiokota Jumamosi, moja tuliyoiangusha. Alisema kwamba tangu mjomba wake ampe ukubwa hakuna anayemwita kwenye kichuguu, na kwamba alitumaini tutamshinda.

Hapo ndipo nilipopata somo la uraia ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote: darasa zima lilikuwa limemkataa mkubwa wake, mkubwa mwenyewe akiwa mmoja wao, na bado akabaki mkubwa. Kesho yake Mujinga alimwacha apande kichuguu. Alimrushia udongo mwingi kuliko wote, lakini alimwacha. Kabwe naye ubaoni hakuandika tena jina la mtu, isipokuwa siku moja aliandika la kwake mwenyewe, akaenda kuchota maji peke yake, nadhani kwa kuuhurumia ule ukuta.

Muhula ulipokwisha, Mwalimu Kalenga alihamishiwa shule ndogo kule Mwadingusha, karibu na bwawa la umeme. Direkta alieleza mbele ya bendera kwamba ni kupandishwa cheo. Siku ya kuondoka, mwalimu alikaa juu ya lori kati ya magunia ya unga, godoro lake limekunjwa, koti lake mwilini. Tulikuwa tumejaa barabarani. Tulitaka kumuaga lakini hatukuwa na maneno yetu wenyewe, tulikuwa na nyimbo za asubuhi tu. Mujinga akaanzisha ule wa kumsifu kiongozi. Tukaitikia. Alipofika mahali pa jina, akaliondoa lile jina kubwa na kuweka la Kalenga, na sisi wote, bila kupanga, tukaitikia hivyo hivyo, kwa nguvu zote, makofi na kiuno. Mama yangu alitoka sokoni mbio akanishika sikio, mama wengine wakashika ya watoto wao, na lori likaondoka katikati ya vilio vya watoto wanaovutwa. Mwalimu alikuwa amesimama juu ya magunia. Hakupunga mkono. Alikuwa anacheza, hatua zile zile za asubuhi, bila kukosea hata moja. Hatukumwona tena.

Siku hizi wajukuu wanasoma uraia milango ikiwa wazi. Kuna kitabu chenye picha, kuna haki za mtoto, kuna katiba kwa muhtasari. Mjukuu wangu Naomi yuko sekondari, na mwezi uliopita darasa lao lilichagua rais wake. Wagombea walikuwa wengi kiasi kwamba wapiga kura walikaribia kukosekana. Mmoja aligawa biskuti. Mwingine aliwatumia wenzake mega za intaneti. Wa tatu aliahidi kwamba akichaguliwa umeme hautakatika, ahadi ambayo hata wanaokaa karibu na bwawa hawathubutu kuitoa. Kila mmoja alikuwa na picha yake kwenye simu, amekunja mikono na kutazama mbali, kama anaiona Ulaya kutoka Kikula.

Nilimuuliza Naomi alimpigia nani. Alisema alisahau kupiga, kwa sababu alikuwa anawapiga picha waliokuwa wanapiga.

Nikaona nafasi yangu. Nilimkalisha chini, nikamsimulia yote haya, sufuria na meza nyekundu na Mujinga na pengo lake, huku nikingoja aone aibu. Alisikiliza mpaka mwisho, na simu aliiweka pembeni, heshima ambayo hata mchungaji wake haipati. Alicheka pale pa meno ya kijani. Halafu akaniita kambo, yaani bibi, akasema polepole, si kwa ukaidi: "Kambo, beye bakubwa balikuwa banabaogopa ninyi. Siye tunaweza kusema hapana kila siku, kwa simu, kwa njia, fasi yote. Hakuna mwenye anasikia."

Enzi zetu hapana ilikuwa adimu kama nyama ya Jumapili. Tuliisema mara moja, kwa kuiba, na watu wazima watatu walitetemeka mbele yetu. Wao wanayo tele, inamwagika kwenye redio na kwenye teksibasi mpaka usiku, na wakubwa wanalala usingizi mnono. Naomi alisimama, akanibusu shavuni, akachukua simu yake na kwenda uani kutafuta mtandao. Nilibaki nimemtazama kwa wivu na kwa huruma, na sikuweza kujua kipi kilitangulia.